Vitabu vya uwindaji vya bure mtandaoni: anza na mwaka, si na jina

Ukiandika Google "vitabu vya uwindaji bure", hutapata kitu cha maana. Ukiandika kwa Kiingereza utapata vingi mno, na vingi vyake ni mtego. Utaona jalada la kitabu kipya, kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa pakua, na chini yake fomu inayotaka namba ya kadi ya benki "ili kuthibitisha tu kwamba wewe ni mtu". Tovuti nyingine inakwambia usakinishe programu yake kwanza. Funga zote mbili. Hakuna kitabu cha bure cha kweli kinachoomba namba ya kadi.

Mimi ni dereva wa watalii, makao yangu Voi. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sijawahi kumwona mtu akipiga tembo risasi na wala sina hamu. Lakini mgeni akishavuka daraja la Tsavo maswali hayaishi: simba wa Tsavo wa mwaka 1898 walikula watu wangapi, nani aliwaua, Roosevelt, yule rais wa Marekani, alipita wapi, wazungu hao walijuaje njia. Majibu yako kwenye vitabu vya wawindaji wenyewe, na karibu vyote ninavyovihitaji viko mtandaoni bure, kihalali, bila kadi. Ninavisoma kwa simu ya kawaida, mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye gari wageni wakila chakula cha mchana.

Kabla ya kutafuta jina la kitabu, tafuta mwaka wake. Hilo tu lingewaokolea watu wengi muda. Kitabu cha uwindaji kinakuwa cha bure kwa sababu moja kubwa: haki ya mwandishi imekwisha muda. Tovuti kubwa za vitabu ziko Marekani na zinafuata sheria ya huko, ambayo kwa vitabu vya zamani hulinda miaka 95 tangu kuchapwa, kisha kitabu hufunguka Januari mosi inayofuata. Hesabu yangu ni rahisi: chukua mwaka tulio nao, toa 96. Kilichochapwa mwaka huo au kabla yake, kitafute kwa moyo mweupe. Kilichochapwa baadaye, ukikikuta kinagawiwa ovyo, jihadhari, huenda kuna mtu ameiba.

Hapa huwa pana mvutano kidogo, maana sheria yetu ni tofauti. Kenya na Tanzania zinahesabu miaka 50 baada ya mwandishi kufa. Chukua Hemingway, mwandishi wa Marekani. Kitabu chake cha kuwinda Tanganyika, "Green Hills of Africa", kilichapwa 1935, naye alikufa 1961. Kwa sheria yetu kiko huru tangu 2012. Kwa Marekani kinasubiri Januari 2031. Kwa hiyo hata ukiwa umekaa Mwatate, ile hesabu ya 96 ndiyo itakayoamua kama tovuti ya Marekani itakufungulia au la.

Sasa twende kwenye tovuti zenyewe.

Mahali pa kuanzia ni Project Gutenberg, gutenberg.org. Ni ya zamani kuliko intaneti tunayoijua, ilianza 1971. Huhitaji akaunti. Andika "Tsavo" kwenye kisanduku cha kutafutia na utakipata kitabu cha J. H. Patterson, "The Man-Eaters of Tsavo", cha 1907. Huyu ndiye mhandisi aliyetumwa kujenga daraja la reli mwaka 1898, akajikuta anapambana na simba wawili wasio na manyoya shingoni. Ukibofya jina la kitabu utaona orodha ya aina za faili. Usichanganyikiwe, chagua hivi:

Kama una bando dogo, chukua maandishi matupu au EPUB (aina ya faili ya vitabu vya kusomea kwenye simu) isiyo na picha. Kitabu kizima hakifiki MB 1. Nasisitiza: kitabu kizima cha mtu aliyekaa porini miezi na miezi ni kidogo kuliko video moja ya kundi la WhatsApp. Kama una bando la kutosha, chukua EPUB yenye picha. Ili kuifungua, weka programu ya kusomea kama ReadEra au Google Play Books, na ukishapakua huhitaji mtandao tena. Ndani ya hifadhi mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo pakua ukiwa bado mjini.

Uzuri wa Gutenberg ni kwamba maandishi yamesahihishwa na watu, neno kwa neno. Unaweza kutafuta neno ndani ya kitabu na ukalipata. Hili lina faida kuliko linavyosikika. Mgeni akiniambia simba wa Tsavo walikula watu 135, sibishani naye. Nafungua Patterson na kutafuta "twenty-eight", kwa maneno, kwa sababu vitabu vya enzi hizo huandika namba nyingi kwa maneno. Linatokea pale pale: Wahindi 28 wa reli, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka hesabu yao. Hiyo 135 ilikuja baadaye. Kisha namwambia kwamba mwaka 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba wale wale, ambao leo wako Field Museum, Chicago, wakakadiria walioliwa ni kama 35. Mgeni akitaka kubishana, abishane na kitabu.

Usiishie kwenye sura za daraja. Mbele kuna kisa cha Ryall, afisa wa polisi aliyechukuliwa na simba ndani ya behewa la treni pale Kima mwaka 1900. Watu wengi wanaojua filamu ya simba wa Tsavo hawakijui kisa hicho.

Gutenberg haina kila kitu. Ukimaliza huko, nenda Internet Archive, archive.org. Hili ni ghala. Maktaba za vyuo vya Marekani, Uingereza na Kanada zimepiga picha vitabu vyao ukurasa kwa ukurasa na kuviweka humo, na muhuri wa maktaba unauona, na wakati mwingine hata alama ya kalamu ya msomaji wa miaka 100 iliyopita. Ubaya wa ghala ni kwamba unaweza kupotea ndani yake.

Andika unachotafuta, kisha fungua vichujio. Chagua maandishi peke yake, la sivyo utaletewa video na sauti. Kisha buruta miaka irudi nyuma hadi ule mwaka wa hesabu yetu. Kisha chagua vile vilivyoandikwa "Always Available". Hatua hii ya tatu watu huiruka, halafu wanalalamika kwamba kitabu kimewafungia. Archive ina vitabu vya aina mbili: vya zamani vilivyo huru, unavyopakua na kukaa navyo, na vipya ambavyo inaazima kama maktaba, kwa saa moja au siku 14, tena kwa mwenye akaunti. Ukiona "Borrow", hicho ni cha kuazima. Akaunti ni bure, na si vibaya kuazima, lakini wachapishaji waliishtaki Archive kuhusu uazimaji huu mwaka 2020 na wakashinda, na vitabu vingi vikaondolewa. Usijenge maktaba yako juu ya vitabu vya kuazima.

Ukikipata kitabu, mara nyingi kiko mara tatu au nne, kila nakala kutoka maktaba tofauti. Fungua kila moja, tazama kurasa chache za katikati na ramani mwishoni. Ramani za kukunja ndizo huharibiwa. Mpiga picha mvivu anaipiga ikiwa imekunjwa. Chukua nakala yenye ramani iliyofunguliwa. Na pakua PDF, si EPUB. EPUB za Archive nyingi zimetengenezwa na mashine iliyosoma picha, nayo husoma vibaya, hasa majina yetu. PDF ni nzito, makumi ya MB, basi tafuta Wi-Fi. Kama huna, soma hapo hapo mtandaoni ukurasa mmoja mmoja.

Kitabu ninachokipendekeza kutoka Archive ni cha Arthur Neumann, "Elephant Hunting in East Equatorial Africa", cha 1898. Neumann aliondoka pwani kutafuta pembe hadi Ziwa Turkana, miaka kabla reli haijafika Nairobi, wakati njia yote ni mguu na mzigo uko kichwani kwa mpagazi. Hajisifu kama Patterson. Tembo alimjeruhi vibaya na anaeleza alivyolala wiki nyingi hajiwezi. Pia anamwandika mtumishi wake Shebane, aliyechukuliwa na mamba mbele ya macho yake, na ukurasa huo unaonyesha ameumia. Ukiuliza wazungu walijuaje njia, jibu limejaa humo: watu wa pwani waliokwenda na misafara ya pembe kabla yake, na Wadorobo waliojua kila kisima.

Kutafuta humo kunataka ujue tahajia yao, na hapa ndipo mtu wa kwetu anapokwama kuliko mahali pengine popote. Ukiandika "Lake Turkana" hupati chochote cha wakati huo, andika "Rudolf". Mlima Kenya mara nyingi ni "Kenia". Ewaso Nyiro kwa Roosevelt ni "Guaso Nyero", na Nyeri ni "Neri". Karamoja ni "Karamojo". Kilimanjaro huja na kistari katikati, na kwa Wajerumani ni "Kilimandscharo". Wadorobo ni "Ndorobo" au "Wandorobo". Waswahili ni "Swahili", "Suahili" au "Zanzibaris", hata kama mtu alizaliwa Pangani.

Tena wawindaji wa zamani hawakupenda kuita vitabu vyao uwindaji. Waliita "sport", waliita "big game", "wanderings", "rifle", "ivory". Jaribu hayo pamoja na jina la mahali. Wa India walitumia "shikar". Kwa Kijerumani tafuta "Jagd" pamoja na "Ostafrika", kwa Kifaransa "chasse"; kwa ndugu zetu wa Bukavu au Bujumbura wanaosoma Kifaransa, mlango huo wa mwisho ni mpana.

Kuna njia nyingine ninayoipenda: badala ya kutafuta jina la mwindaji, tafuta maneno yetu. Kwenye kisanduku cha Archive kuna chaguo la kutafuta ndani ya maandishi ya vitabu vyote, si majina tu. Andika "posho", "shauri", "askari", "fundi", "kirongozi". Vitabu vya Afrika Mashariki vitajitokeza vyenyewe, hata vile ambavyo jina lake halina Afrika, kwa sababu hakuna mwindaji aliyepita huku akaandika kurasa 300 bila kugombana na mtu juu ya posho.

Kwa picha nzuri, nenda Biodiversity Heritage Library, biodiversitylibrary.org. Ni ya makumbusho na maktaba za sayansi, na hujitahidi kupiga picha vizuri kwa sababu wasomaji wake ni wataalamu wa wanyama. Huko msome Theodore Roosevelt, "African Game Trails", cha 1910. Alishuka Mombasa Aprili 1909 akiwa ametoka tu urais, akapanda treni akiwa amekaa mbele ya injini, kwenye kiti juu ya reli, akaanzia kuwinda Kapiti. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na orodha iko kitabuni, baba 296, mwana 216. Alisema ni kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Soma ujiamulie.

Ninachokipenda mimi kwa Roosevelt ni kwamba anataja watu kwa majina. Bakari, Kongoni, Ali wa hema. Tafuta "gun-bearer", yaani mbeba bunduki, ndani ya kitabu na uvifuate vifungu hivyo peke yake, uruke yote mengine; utapata kitabu kingine kabisa, kifupi na kizuri zaidi. Kuna na kiambatisho juu ya vitabu alivyobeba porini, vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe na kuwekwa kwenye kasha la alumini, jumla uzito usiofika ratili 60: mzigo wa mpagazi mmoja. Jina la huyo aliyebeba maktaba hakuliandika.

Humo humo tafuta na Schillings, Mjerumani aliyezunguka nyika za Umasaini na Kilimanjaro. Kitabu chake cha 1905, "Mit Blitzlicht und Büchse", kina picha za simba na fisi alizopiga usiku kwa taa ya baruti, wakati ambapo karibu hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Hata usipojua Kijerumani neno moja, picha zinatosha. Toleo la Kiingereza, "With Flashlight and Rifle", nalo liko huru.

HathiTrust nitaitaja kwa ufupi. Ni ghala kubwa la vyuo vya Marekani, lakini linatazama umeketi nchi gani. Kitabu kilichochapwa London miaka ya 1890 au 1900 huenda kikawa wazi kwa mtu wa Chicago na kimefungwa kwako ukiwa Voi. Ukikuta imeandikwa "Limited (search only)", usipoteze muda, kitabu hicho hicho mara nyingi kiko wazi Archive. Google Books nayo ina kichujio cha "Full view". Kiwashe, la sivyo utasoma vipande.

Kama kazi yako ni ya kusubiri kama yangu, kuna LibriVox, librivox.org, ambako watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu vilivyo huru. Patterson yumo. Saa moja ya sauti ni kama MB 30, kwa hiyo pakua sura kwa sura. Wasomaji hutofautiana, mmoja atakusomea vizuri mpaka usahau uko getini, na anayemfuata atalitaja jina la Voi kwa namna ambayo hutalitambua.

Maonyo machache kuhusu waandishi wenyewe, kwani bure haimaanishi kila kitu kinafaa. Watu wa Rufiji hunitumia ujumbe wakitafuta kitabu cha Selous, kwa sababu pori lao lilibeba jina lake mpaka sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kitabu chake mashuhuri, "A Hunter's Wanderings in Africa", cha 1881, ni cha kusini, kuelekea Zambezi. Rufiji haimo. Selous alifika huko mwisho wa maisha yake akiwa askari, na akauawa Beho Beho Januari 1917. Usipakue MB zote hizo ukitafuta Rufiji.

Bell, wa "The Wanderings of an Elephant Hunter", 1923, ndiye wa kusomwa na Waganda, kwa sababu ya Karamoja. Anaandika kwa utulivu wa mtu anayeeleza biashara ya mahindi, na aliua tembo zaidi ya 1,000. Michoro ya fuvu la tembo, inayoonyesha risasi ipite wapi, aliichora mwenyewe. Mimi inanitia baridi, lakini daktari mmoja wa mifugo niliyemwendesha aliiangalia muda mrefu na kuisifu.

Na wote hawa wanaandika juu yetu kama watu wa enzi ya ukoloni walivyoandika. Kuna maneno utakayokutana nayo yatakayokufanya uweke simu chini. Mimi huyaruka pale ninapowasomea wageni, na siyaruki ninaposoma peke yangu.

Sasa swali ninaloulizwa zaidi: je, vya Kiswahili? Vipo vichache, na vinafaa kutafutwa. Kwenye Archive andika "Swahili Tales", cha Edward Steere, 1870. Ni hadithi alizokusanya Unguja, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Tafuta humo ya Sultani Majinuni: paka wa sultani anakua na kugeuka nunda mla watu, na mwana mdogo anatoka kumwinda, akiua mnyama mmoja baada ya mwingine na kumpelekea mama yake kuuliza kama ndiye. Anafika hadi tembo, na bado siye. Mwanangu wa darasa la tano huisoma bila msaada, tahajia ya zamani na yote.

Kingine ni "Safari za Wasuaheli", kilichochapwa Ujerumani 1901 na Carl Velten. Humo wanasimulia Waswahili wenyewe waliokwenda bara, kwa Kiswahili chao. Toleo la Kijerumani nalo lipo, kwa hiyo angalia lugha ya kurasa kabla hujapakua. Andika "Wasuaheli" kwa "u" baada ya "s", si "w", na uweke kichujio cha mwaka 1901.